Faili lipo chumba cha jirani, kwanini tulifuate Ulaya?

Mwaka wa pili chuo, muhula wa kwanza, mwalimu wa mifumo ya uendeshaji alituambia Ijumaa kila mtu aje darasani na Ubuntu, mfumo wa uendeshaji wa bure, imeshawekwa kwenye laptopu yake na inawaka. Tulikuwa kama sitini hivi darasa zima, na faili la kusakinisha Ubuntu enzi hizo lilikuwa kama GB moja na nusu. Jumatano usiku watu wote tupo korido ya hosteli, pale karibu na ngazi ambapo waifai ya chuo ilikuwa inashika, kila mtu amekaa chini na laptopu mapajani anashusha faili lilelile kutoka nje ya nchi, inafika asilimia arobaini mtandao unakata, unaanza sifuri, inafika sitini inakata tena. Mimi nilikuwa najua kwamba torenti, ile njia ya watu kupeana faili vipande vipande, ikikatika inaendelea pale ilipoishia, na watengenezaji wa Ubuntu wenyewe wanatoa torenti yao rasmi pale pale kwenye tovuti yao, kwahiyo nikabonyeza. Ukaja ukurasa mweupe wenye nembo ya chuo juu, umeandikwa ufikiaji umezuiwa, kundi la kushirikishana mafaili.

Basi nikarudi kwenye foleni na wenzangu. Alfajiri ya Alhamisi jamaa mmoja chumba cha tatu kutoka kwetu akafanikiwa kulipata lote, na hapo ndo flash yake nyeusi isiyo na kifuniko ikaanza safari, chumba hadi chumba, hosteli ya wavulana, hosteli ya wasichana, hadi saa sita mchana ikawa imepita kwenye laptopu karibu thelathini. Ilipofika kwa dada mmoja tuliyekuwa naye kundi moja la asaimenti ilikuwa imeshabeba kile kirusi cha shotikati, wale mliosoma miaka ile mnakijua, unafungua flash unakuta kila folda imegeuka kuwa shotikati ya KB moja na ukiibonyeza unaambukiza na mashine yako. Alichomeka flash yake pia ili akopi, flash iliyokuwa na ripoti yake ya fildi, wiki nane za kazi, akakuta mafolda yote yamekuwa shotikati. Mtu wa pembeni akamwambia hiyo imeshakufa, ifomati tu. Akafomati. Kumbe mafaili yalikuwa hayajaenda popote, kile kirusi kilikuwa kinayaficha tu, amri moja ya mstari mmoja ingeyarudisha yote. Nilifika dakika ishirini baadaye. Ile sura yake ninayo mpaka leo na ni moja ya sababu nimeingia kwenye kazi hii ya mitandao.

Nimeanza na hili kwa sababu mjadala wa kuzuia kushirikishana mafaili vyuoni huwa unaongelewa kana kwamba upande mmoja kuna chuo kinacholinda sheria na upande wa pili kuna vijana wanaotaka kuangalia muvi bure. Mimi nasema hapana, tatizo kubwa liko sehemu nyingine kabisa. Vyuo vyetu vimechanganya vitu viwili, njia ya kutoka nje na njia ya ndani, vikafunga zote mbili kwa kufuli moja, na ile ya ndani ndo ilikuwa haina gharama yoyote.

Ngoja nieleze taratibu. Mtandao wa chuo una sehemu mbili. Kuna waya na swichi zinazounganisha majengo yenu wenyewe, hosteli na maktaba na maabara, hizo chuo kilishanunua, zipo, faili likipita humo kutoka chumba kimoja kwenda kingine hamna mtu anayelipwa hata shilingi. Halafu kuna lile bomba linalotoka chuoni kwenda kwa mtoa huduma na kutoka hapo kwenda duniani, hilo ndo linalipiwa kila mwezi na hilo ndo linajaa. Sasa watu sitini wakishusha GB moja na nusu kila mmoja kutoka nje, hizo ni GB 90 zimepita kwenye bomba la kulipia, kwa faili moja. Torenti inavyofanya kazi ni kwamba faili linakatwa vipande vidogo vidogo na kila aliyepata kipande anampa mwenzake, na programu nyingi za torenti zina kipengele kinachoulizia kwanza humu ndani, jamani kuna mtu ana hili faili? Kama lipo chumba cha jirani linachukuliwa chumba cha jirani. Kwahiyo ile GB 90 ingeweza kuwa GB moja na nusu, au hata tuseme tano kwa uzembe wa hapa na pale, na zilizobaki zote zingezunguka kwenye swichi za chuo ambazo usiku ule zilikuwa zimekaa tu.

Yaani kitu kilichofungwa ili kuokoa intaneti ndo kitu ambacho kingeokoa intaneti.

Sasa hii tabia ya kufunga ilitoka wapi? Ukifuatilia unafika Marekani, na inafaa kuijua hii historia vizuri maana ndani yake kuna mwezi mmoja ambao jibu lilikuwa limeshapatikana halafu likatupwa. Mwaka 1999 kijana wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, anaitwa Shawn Fanning, akatengeneza Napster, watu wakaanza kubadilishana nyimbo za MP3 moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mabweni ya vyuo vya Marekani ndo yalikuwa na intaneti ya kasi kuliko nyumba za watu wa kawaida kwahiyo ikashika huko kama moto wa nyasi kavu, na mitandao ya vyuo ikaelemewa kweli, hilo halina ubishi. Februari 2000 Chuo Kikuu cha Indiana kikaifunga Napster. Wanafunzi wakaanzisha kampeni ya kupinga, na chuo badala ya kukunja uso kikakaa na watu wa Napster kutafuta namna, wakakubaliana programu ipendelee kuchukua faili kwa mtu aliyeko ndani ya mtandao wa vyuo, ile Internet2 waliyokuwa nayo ambayo ina nafasi kubwa, kabla ya kwenda kulitafuta nje kwenye bomba la kulipia. Mwezi uliofuata, Machi, wakafungua.

Mnaona? Mwezi mmoja tu. Tatizo la kujaa kwa mtandao lilipata dawa ndani ya mwezi mmoja na dawa yenyewe ilikuwa hii hii ninayoiongelea hapa, anza ndani kabla ya kwenda nje.

Aprili mwaka huo huo bendi ya Metallica ikaishtaki Napster mahakamani na kwenye mashtaka ikataja na vyuo vitatu, Indiana, Yale na Southern California. Indiana na Yale wakafunga haraka, na hapo maana nzima ya kufuli ikabadilika, haikuwa tena suala la foleni kwenye bomba, ikawa hofu ya mahakama. Na hofu ile ilikuwa na sababu. Napster yenyewe ilizimwa Julai 2001 lakini Aprili 2003 chama cha kampuni za muziki cha kule, RIAA, kikawashtaki wanafunzi wanne wa vyuo vitatu waliokuwa wanaendesha injini za kutafuta mafaili ndani ya mitandao ya vyuo vyao. Wakamalizana nje ya mahakama, kila mmoja akalipa kati ya dola 12,000 na 17,500. Kwa mwanafunzi. Baadaye mwaka 2007 wakaja na utaratibu wa barua, mwanafunzi anaandikiwa kupitia chuo chake kwamba lipa sasa kama dola 3,000 hivi au tukutane mahakamani. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Boston aliyekataa kumalizana, mwaka 2009 baraza la mahakama lilimwamuru alipe dola 675,000 kwa nyimbo 30. Gawanya mwenyewe, ni dola 22,500 wimbo mmoja.

Sasa katikati ya huo msako kuna mambo yalitokea ambayo kila mkuu wa IT wa chuo anatakiwa ayajue. Mei 2003 RIAA ilituma onyo Chuo Kikuu cha Penn State, kitengo cha elimu ya anga, kwamba seva yenu inagawa nyimbo za Usher kinyume cha sheria. Kumbe kitengo kile kilikuwa na profesa mstaafu jina lake Usher, Peter Usher, na kwenye seva kulikuwa na wimbo uliotungwa na kuimbwa na wanasayansi wenyewe kuhusu setilaiti yao. Mashine ilikuta jina na ikakuta faili la MP3, ikatosha kuandika onyo, na ilikuwa kipindi cha mitihani. Waliomba radhi baadaye. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington wakafanya jaribio wakaonyesha kwamba ule mfumo wa kunasa wahalifu wa torenti unaweza kudanganyika kirahisi mno, walifanikiwa kufanya printa zao za ofisini zipokee barua za tuhuma za kudaunlodi muvi. Printa! Kifaa ambacho kazi yake ni kutoa karatasi.

Na takwimu zilizotumika kuwasukuma wabunge zilikuwaje? Chama cha studio za filamu, MPAA, kilikuwa kinasema asilimia 44 ya hasara ya wizi wa filamu ndani ya Marekani inatokana na wanafunzi wa vyuo. Januari 2008 wakakiri kwamba kulikuwa na kosa la kibinadamu kwenye hesabu, ni kama asilimia 15. Agosti mwaka huo huo sheria ya elimu ya juu ikapita ikiwa na kifungu kinachotaka vyuo viwe na mpango wa kupambana na ugawaji haramu wa mafaili, kikaanza kutumika rasmi Julai 2010.

Lakini hata hiyo sheria, na hapa nataka watu wa IT wa vyuo vyetu mnisikilize vizuri, haikusema fungeni torenti. Kanuni zake zinataka chuo kitumie angalau njia moja ya kiteknolojia, na kati ya njia zinazokubalika kuna kupunguza kasi tu, kuna kufuatilia matumizi, na kuna hata ile ya kupokea malalamiko ya wenye kazi na kuyashughulikia moja moja. Chuo cha Marekani ambacho kinabanwa na ile sheria, chenye RIAA nje ya geti, kinaruhusiwa kisheria kuacha torenti wazi na kumwita mwanafunzi mmoja mmoja anapolalamikiwa. Sisi tusiobanwa nayo, tumefunga kila kitu.

Nilimuuliza mtu mmoja anayesimamia mtandao wa chuo fulani hapa nchini, sitakitaja, nikamwambia ndugu yangu hii kufuli ya mafaili aliiamua nani, kuna kikao kilikaa, kuna barua? Akafikiria, akaniambia kwa unyoofu kabisa kwamba yeye aliikuta. Faiawoli, kile kifaa kinachochuja mtandao, ilipowekwa aliyeiweka alipewa orodha ya makundi, ponografia, kamari, na kushirikishana mafaili, akaweka tiki kote akaenda zake. Simlaumu hata kidogo. Vifaa hivi vingi vinatengenezwa kwa soko la wenzetu na kile kibonyezo cha kushirikishana mafaili kimekaa pale tayari kwenye orodha moja na uchafu mwingine, ukiwa na haraka unaona ni jambo baya kama mengine. Kwa namna hiyo ugomvi wa Metallica wa mwaka 2000 umefika kwenye korido ya hosteli yetu bila mtu yeyote wa chuo chetu kuuamua.

Nakubali kwamba zamani tulikuwa na sababu yetu wenyewe, tena nzito. Kabla ya Julai 2009, kabla nyaya za SEACOM hazijafika Dar na Mombasa, vyuo vya ukanda huu vilikuwa vinatumia setilaiti, megabiti moja kwa mwezi inalipiwa maelfu ya dola na chuo kizima chenye maelfu ya wanafunzi kinagawana kasi ambayo leo simu moja ya kawaida inaipita. Wakati ule mtu mmoja akiwasha torenti anaweza kweli kuwanyima barua pepe chuo kizima. Nani angemlaumu msimamizi kwa kufunga? Lakini nyaya zilikuja, SEACOM, TEAMS, mwaka uliofuata EASSy, na vyuo vikaungana kupata intaneti kwa pamoja, Kenya wana KENET, Uganda wana RENU, sisi Tanzania tuna TERNET. Hali ikabadilika na ile sheria ya enzi za setilaiti ikabaki pale pale.

Na wala hili suala la faili la jirani kuzungushwa Ulaya sio geni kwetu, tulishapigana nalo kwenye ngazi ya nchi. Miaka ya mwisho ya tisini barua pepe kutoka mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine hapo hapo Nairobi ilikuwa inapanda kwenye setilaiti, inaenda Ulaya au Marekani, inarudi. Kampuni zikakaa zikaweka swichi moja ya pamoja ili data ya Nairobi ibaki Nairobi, ndo KIXP hiyo, ikawashwa Novemba 2000. Haikumaliza hata mwezi, Telkom Kenya iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha data za nje ikalalamika na mdhibiti akaifunga. Ikachukua zaidi ya mwaka wa kuelezana hadi ikafunguliwa tena Februari 2002. Hoja iliyoshinda ilikuwa nyepesi kabisa, kwamba hii ni data ya ndani na inabaki ndani, haimnyang'anyi mtu njia ya nje. Leo kila mtu wa mitandao Afrika Mashariki anaisimulia kama mfano wa akili. Sasa mbona akili ileile tunashindwa kuiingiza getini kwa chuo?

Najua jibu la wenzangu wa IT kwa sababu na mimi nimekaa kwenye kile kiti. Watasema torenti sio kama kushusha faili la kawaida, inafungua miunganisho mamia kwa wakati mmoja na ruta ya zamani inajaa orodha yake ya miunganisho inaanza kuwatupa watu nje. Kweli. Watasema torenti haishushi tu, inapandisha pia, kwahiyo mwanafunzi wako mmoja anaweza kuwa anagawia dunia nzima kupitia bomba lako la kulipia. Kweli pia. Watasema kwamba waifai imewekwa ili vifaa visionane, laptopu mbili zikiwa meza moja kila moja inaona intaneti tu na haimuoni jirani, na hilo limefanywa makusudi kwa sababu kirusi kikiingia kwa mmoja kisisambae kwa wote, na anayekumbuka kirusi cha WannaCry kilivyosambaa duniani Mei 2017 hawezi kuwacheka. Hii ya mwisho ndo hoja nzito kuliko zote na mimi mwenyewe siwezi kusema zifunguliwe tu laptopu zote zionane.

Ila hebu tuangalie kufuli hiyo imezuia nini kwa macho ya hosteli. Kirusi hakikuzuiwa, kilipita kwenye flash. Muvi hazikuzuiwa, zipo Telegram, zipo kwa yule kijana mwenye kibanda cha kuingizia muvi na nyimbo nje ya geti, na zikishaingia kwa mmoja zinarushwa kwa Xender simu hadi simu bila kugusa mtandao wa chuo kabisa. Msanii wa Bongo Fleva ambaye jasho lake linaibiwa, na anaibiwa kweli, naongea kama mtu ninayenunua muziki, haongezewi hata shilingi mia na ile kufuli. Kilichozuiwa ni Ubuntu, ni Wikipedia nzima ya kusoma bila intaneti ambayo watu wa Kiwix wanaigawa bure na ile ya Kiingereza inazidi GB 100, ni data kubwa za utafiti ambazo mwenyewe kazitoa kwa torenti kwa sababu hana hela ya seva. Yaani mwanafunzi anayefuata njia halali ndo pekee anayekutana na ule ukurasa mweupe maana yule mwingine hajawahi hata kupita hapo.

Na madesa je, yaani notisi za masomo? Nenda hosteli yoyote wiki mbili kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, uone. Madesa ya mwalimu yameskaniwa na CR, mwakilishi wa darasa, MB mia tatu hivi, yametupiwa kwenye grupu la WhatsApp, watu mia mbili wa kozi hiyo kila mmoja anayadaunlodi kwa bando lake la chuo alilonunua kwa hela ya bumu, yaani ya mkopo wa kujikimu. Madesa yaliyoandikwa hapo hapo chuoni, na mwalimu wa hapo hapo, kwa ajili ya watu wanaolala hapo hapo. Yanapanda kutoka kwenye simu ya CR yanakwenda kwenye seva za kampuni ya Marekani yanarudi mara mia mbili na kila mara mtu analipa. Asiye na bando anamsubiri mwenzake aamke amrushie. Nimeshuhudia binti anakosa desa la mwisho kabla ya pepa kwa sababu bando liliisha usiku na rum-meti wake alikuwa ameenda kwao. Pepa akaifanya hivyo hivyo, na somo hilo alibeba supu, yaani mtihani wa marudio.

Kwahiyo ninachotaka sio kurudi kwenye Napster. Nataka vyuo viwe na seva ya ndani. Kompyuta moja, hata ile iliyostaafu maabara, diski ya TB mbili au nne, iunganishwe kwa waya kwenye swichi kuu, iwe inaonekana kutoka kila hosteli bila kuhitaji vifaa vya wanafunzi vionane vyenyewe kwa vyenyewe, na hapo ile hofu ya kirusi kuruka laptopu hadi laptopu inakuwa imejibiwa. Humo yawekwe madesa ambayo walimu wameyaruhusu, past pepa, Ubuntu na wenzake, softiwea huria za takwimu na uhandisi, Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza, vitabu vyenye leseni huria. Hii wala sio ndoto, Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha eGranary, maktaba ya kidijitali ndani ya diski moja, na vyuo vingi vya Afrika viliitumia enzi zile za setilaiti kwa sababu hii hii. Kule India wanafunzi wa vyuo vya teknolojia vya IIT walijiwekea wenyewe DC++, programu ya kushirikishana mafaili, ndani ya hosteli zao, faili linatoka bweni hadi bweni kwa kasi ya waya bila kugusa intaneti ya nje, ingawa huko ukweli usemwe na muvi za wizi zilijaa, ndo maana mimi napendelea seva yenye msimamizi.

Na torenti nayo isifungwe, ipewe spidi ndogo. Mchana ibanwe kabisa iende polepole, kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri ambapo bomba liko tupu iachiwe, kupandisha kwenda nje kuwekewe kikomo kidogo sana, na idadi ya miunganisho kwa kila mtu iwe na mwisho. Vifaa vile vile vya faiawoli vyenye ile orodha ya tiki vingi vinaweza kufanya hivo, kibonyezo kipo ukurasa wa pili. Ikija siku mwenye kazi amelalamika kwamba anwani fulani ya hapo chuoni imegawa muvi yake, rekodi zipo, aitwe mwanafunzi huyo, aelezwe sheria, akirudia aadhibiwe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, mwaka uleule Napster inazaliwa, na inachokataza ni kuchukua kazi ya mtu bila ruhusa yake. Kenya mwaka 2019 waliongeza utaratibu wa kisheria wa mwenye kazi kutoa taarifa na kazi yake ikaondolewa, na huo utaratibu unamhusu aliyekosea na faili alilokosea nalo, hauwagusi waliolala chumba cha pili.

Kuna watu wa kozi yangu tunawasiliana mpaka leo, wengine wanafanya kazi benki, wengine kampuni za simu. Siku moja tukiwa tunaongea yule dada wa ripoti ya fildi akasema aliiandika upya kwa siku nne bila kulala, akapewa alama za chini kwa sababu zile picha za mitambo alizopiga kiwandani hakuwa nazo tena na msimamizi hakuamini kama alikuwepo. Hakuwahi kulalamika kwa chuo maana angelalamika nini, kwamba flash ya mtu imemuambukiza? Hakuna ofisi inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Kwenye vitabu vya chuo ile wiki inasomeka vizuri, torenti zilizozuiwa kadhaa, tukio la usalama kwenye mtandao hamna.

Yule msimamizi wa mtandao niliyemtaja huko juu alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu akapiga ile hesabu ya GB 90 yeye mwenyewe nyuma ya bahasha, akaniambia lete barua niipeleke kwa mkurugenzi. Nikaandika ukurasa mmoja. Nimeomba seva moja, swichi moja ya kuiunganisha, ruhusa ya maandishi ya walimu wanaokubali madesa yao yakae humo, na kwamba ile tiki ya kushirikishana mafaili ibadilishwe kutoka kuzuia kuwa kupunguza kasi kwa muhula mmoja wa majaribio, halafu tulinganishe bili na grafu za kabla na baada. Kompyuta nimesema natoa mimi, ninayo moja haina kazi. Barua ina wiki ya sita sasa iko ofisini kwao, nimeshapiga simu mara mbili nikaambiwa inafanyiwa kazi, na mwaka wa kwanza wanaripoti Novemba.